Giza Dogo Chini ya Shuka

Baridi ya Eldoret ilikuwa adui wa picha. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji ya bomba yanauma vidole. Developa, ile dawa inayoitoa picha kwenye filamu, inataka joto la nyuzi 20 hivi. Ikipoa inalegea, na mfupa unatoka hafifu kama uliochorwa kwa moshi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila siku, tangu 1974, ilikuwa kuchemsha maji na kuyamwaga kwenye beseni lililozunguka tangi. Kisha nafunga mlango, nawasha taa nyekundu, nasubiri.

Nilikuwa mtu wa chumba cha giza. Si daktari, wala si mpiga eksirei. Muosha filamu tu. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana ninalotaka kulisema halikuwa lake peke yake. Filamu ikishakauka tuliitia kwenye bahasha ya kaki, tukaandika jina la daktari, mgonjwa akaibeba kama barua ya mwenyewe mwingine. Akitaka kuchungulia aliambiwa hayo ni mambo ya daktari. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mkubwa.

Walionishinda ni wagonjwa wa Turkana. Walikuja kwa malori kupitia Lodwar na Kitale, matumbo yamejaa kama ya mimba, wazee wa kiume wakiwemo. Tukipiga picha, tunapata weupe mmoja uliotanda. Sababu niliielewa baadaye sana: eksirei hutenganisha mfupa na nyama, na nyama na hewa, lakini ini na mfuko wa maji uliojificha ndani ya ini huizuia miale karibu sawasawa. Röntgen, alipoigundua miale hiyo Novemba 1895 kule Würzburg, alitufungulia mifupa. Maji alituachia tukisie.

Aliyeyaendea maji ni Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow. Mwaka 1955 alikwenda kwenye kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox, ambako mafundi walikuwa wakitafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kwenye buti za magari mawili alipakia uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa, pamoja na pande kubwa la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. (Hadi leo nikifika hapo najiuliza ile nyama iliishia wapi.) Uvimbe wa nyama ulirudisha mwangwi kutoka ndani, uvimbe wa maji ulinyamaza. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaandika matokeo yao katika jarida la Lancet, na altrasaundi ikaanza safari yake hospitalini.

Mimi nilikutana nayo porini. Katikati ya miaka ya themanini shemeji yangu alikuwa akipeleka mahindi Kakuma, nami nikiwa likizo nikaomba kiti. Huko nikasikia kwamba watu wa shirika la afya la AMREF, akiwemo mtafiti Eberhard Zeyhle, wanazunguka manyattani wakipima matumbo. Ugonjwa waliokuwa wakiutafuta huletwa na tegu mdogo anayeishi utumboni mwa mbwa. Mayai yake yakimwingia mtu, hujenga mifuko ya maji, mara nyingi kwenye ini, nayo hukua polepole kwa miaka. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Mjini kwetu watu waliwacheka Waturkana kwa kulala na mbwa. Sijui wangefanya nini wao wenyewe, maji yakiwa ya kuchimbua mchangani, na mbwa ndiye mlinzi wa mtoto.

Mashine ilikuwa imewekwa chini ya mti. Niliyezoea kusubiri gizani nikacheka kimoyomoyo: picha kwenye jua hili? Lakini walikuwa wamefunika skrini kwa shuka, ukaingiza kichwa ndani, ukakuta giza dogo. Nyanya mmoja alilala kwenye ngozi, akapakwa jeli tumboni, kile kifaa cha mkononi kikatembezwa. Nikaona duara jeusi, na ndani yake vijiduara vingine vimebanana. Miaka zaidi ya kumi ya filamu, na sikujua ninachokiona.

Mpimaji akamwinua yule nyanya, akamwingiza kichwa chini ya shuka. Akatazama kimya. Halafu akasema neno, mkalimani akatabasamu kabla ya kulitafsiri: haya huyaona kila wakichinja mbuzi mgonjwa, kumbe na yeye anayo? Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote bado.

Mwaka 1987 kazi hiyo ya Turkana nayo ilichapishwa katika Lancet, ikilinganisha altrasaundi ya kubebeka na vipimo vya damu. Mashine iliwanasa watu ambao damu yao haikusema kitu. Namna ya kuvipanga vivimbe hivyo kwa sura zake kwenye skrini ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1981 na Hassen Gharbi, daktari wa Tunisia. Nilipoambiwa kwamba ni Mwafrika mwenzetu, nilimwona kama jirani.

Jumatatu baada ya likizo, kijana wa mtaa wa Langas aliyeanguka kutoka juu ya mti alikuja kupigwa picha ya mkono. Filamu ilipotoka kwenye maji ya mwisho sikuitundika. Nilifungua mlango, nikaenda nayo ikichuruzika hadi benchi alipokaa, nikaiinua kuelekea dirishani. Akaniuliza kama ule ni mkono wake kweli. Nikamwambia auweke mzima sambamba nao ahesabu mwenyewe. Msimamizi alikuwa anapita ukumbini. Akanitazama, akatazama matone sakafuni, akaniagiza nilete kitambaa nipanguse.