Mzinga Ulikuwa Wetu

Mtaani kwetu Kibiti yupo mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Alikuwa kwenye kikosi cha mizinga. Mlango ukibamizwa, anainama. Akitoka msikitini, kuna siku anapitiliza nyumba yake mwenyewe. Anasema kichwa kinamvuma kama injini ya boti. Majirani wana majibu yao: wengine wanasema ana jini la mtoni, wengine wanasema ni uzee tu.

Likizo iliyopita nilimuuliza.

"Shikamoo babu. Kule Uganda ulipigwa wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sikupigwa. Mzinga ulikuwa wetu."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Sisi tumezoea kwamba majeruhi ni mtu mwenye kovu. Lakini mlipuko hutoa wimbi la mgandamizo linalopita kwenye fuvu na kuutikisa ubongo bila kuacha alama kwenye ngozi. Anayesimama kando ya mzinga wake mwenyewe, siku baada ya siku, naye analipata. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha kijeshi cha Marekani, wakiongozwa na Daniel Perl, walichunguza ubongo wa wanajeshi waliofariki baada ya kupitia milipuko. Walikuta makovu ya aina ya pekee ndani yake. Na tangu mwaka 2000 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo imehesabu wanajeshi zaidi ya 400,000 waliogundulika kuumia ubongo, wengi wao si vitani bali mazoezini na kwenye ajali. Wamewajua kwa sababu serikali iliamua kuuliza na kuandika.

Jambo hili halijaanza jana, na sisi wa delta tulikuwepo. Julai 1915 meli za Uingereza, Severn na Mersey, ziliishambulia kwa makombora meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya Rufiji. Baada ya meli hiyo kuzamishwa, mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mwaka huohuo, daktari Charles Myers aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu askari waliochanganyikiwa baada ya makombora kulipuka karibu yao. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza, na ripoti ikatoka 1922. Walibishana sana kama ule ni ubongo ulioumia au ni woga. Angalau walibishana. Askari na wapagazi wetu waliosikia makombora yaleyale walirudi vijijini na vichwa vyao, na sisi tukabaki na jina la Kariakoo.

Sasa tusirudie hayo kwa watu wa Kagera. Vita vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hata aliyekuwa kijana kabisa wakati ule ameshavuka miaka 60. Jamani, muda unakwenda.

Serikali inaweza kuanza bila mashine ya gharama. Mhudumu wa zahanati anaweza kumuuliza kila mzee aliyepita jeshini au mgambo: Ulikuwa kikosi gani? Ulikaa karibu na milipuko kwa muda gani? Usingizi, kumbukumbu na hasira vikoje? Majibu yaandikwe, yakusanywe wilaya kwa wilaya, madaktari wa ubongo wayachambue. Simaanishi kila mzee anayesahau aliumizwa na mzinga. Uzee upo, kisukari na presha vipo. Ndiyo maana utafiti unahitajika, ili tuache kubahatisha.

Na sisi tunaosomea ualimu tuna sehemu yetu. Tukifundisha Vita vya Kagera, tunaishia kwenye sababu na matokeo. Kwenye matokeo tunaandika madeni na uchumi kuyumba. Tuongeze mstari mmoja: watu waliorudi wazima kwa kuwatazama, lakini vichwa vyao bado viko vitani. Mwanafunzi akiujua mstari huo, akifika nyumbani ataacha kumcheka mzee anayeinama mlango ukigonga. Atampisha kiti, halafu amuulize.