Baiskeli Niliyoapa Sitaipanda Tena

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi na una mtoto ambaye amekwisha kukuomba baiskeli, basi bila shaka unayajua majibu yetu sisi wazazi. "Ngoja kwanza ufaulu mtihani." "Ngoja tuhamie mahali penye uwanja." Mimi nilimpigia kitinda mimba wangu ngonjera hizo kwa muda wa miaka minne, hata binti wa watu akatimiza miaka kumi na miwili bila kujua kukanyaga pedeli. Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba nilikuwa naogopa.

Nami si mtu wa kuogopa baiskeli hata kidogo. Nilizaliwa Busia, mpakani, huko huko ambako bodaboda ilianzia kabla ya pikipiki kulinyakua jina hilo. Vijana waliwabeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Uganda, na jina likazaliwa papo hapo. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Karo yetu sote ilitokana na kile kiti cha nyuma alichokishonea mto wa sponji kwa mkono wake mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka minane niliiendesha baiskeli yake kwa kupenyeza mguu mmoja chini ya ule mtaimbo wa katikati, kwa maana kitini sikufika. Aliyekulia kijijini ananielewa.

Nilipokuja jijini kutafuta kazi nilikuja na mazoea yangu. Asubuhi moja mwaka wa 1996, nikielekea kibaruani kwa kupitia Barabara ya Jogoo, matatu mbili zilizokuwa ziking'ang'ania abiria zilinibana, moja ikanisukuma mtaroni. Nakumbuka utingo alichungulia, akaugonga ubavu wa gari mara mbili, nayo matatu ikaenda zake. Nililala na plasta mguuni kwa wiki sita. Nilipopona nilimuuzia baiskeli fundi mmoja kwa bei ya kutupa, nikaapa kwamba mimi na chombo hicho tumeachana, na kwamba mtoto wangu hatakipanda maadamu tunaishi katika mji huu.

Basi katika likizo moja ya shule, jirani yetu aliwapeleka wanawe katika Msitu wa Karura. Wakarejea wakiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyayo hadi utosini, wakimsimulia binti yangu. Usiku akanijia, akasimama mlangoni.

"Baba, kule hakuna magari."

Hakuongeza neno. Nilikosa kisingizio.

Yamkini kuna wasomaji wanaopita kandokando ya Karura kila siku kwa Barabara ya Kiambu au ile ya Limuru na hawajawahi kuingia. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, ndani ya jiji, wenye njia za murram zinazozidi kilomita 50 ukizijumlisha. Gari unaliacha kwenye maegesho. Baiskeli unaweza kuja nayo au ukakodi pale pale, za watu wazima na za watoto. Kila njia panda ina nguzo yenye namba, hivyo mwenye ramani hapotei. Nasi tulipotea mara moja tu, kwa sababu mimi ndiye niliyeishika ramani.

Tulianzia mahali tambarare. Nilikishusha kiti cha baiskeli yake hadi nyayo zote mbili zikagusa ardhi, nikamwambia asahau pedeli kwanza, asukume tu kwa miguu kama mtu anayetembea akiwa ameketi. Ukimfundisha mtoto, anza hivyo. Tatizo la baiskeli ni kusimama wima, kukanyaga huja kwenyewe. Alihangaika kwa muda wa nusu saa, akaingia kichakani mara mbili, akanikataza nisicheke. Kisha akainua miguu, akaenda, akaenda, na mimi nikawa namkimbilia kwa nyuma na ule mguu wangu wa 1996 huku nikihema.

Jambo lililonishtua, msomaji, ni kwamba nilikuwa nikimpigia kelele, "Kaa kando! Kaa kando!" Kando ya nini? Njia nzima ilikuwa yake. Hapakuwa na lolote la kumgonga isipokuwa kima aliyeketi juu ya kigogo akitutazama. Sikio langu lilikuwa likingojea honi ambayo haikuja. Nadhani ilinichukua saa nzima kabla mabega yangu hayajalegea.

Njia zenyewe ni za udongo mwekundu, mahali pengine changarawe, mahali pengine mizizi. Sehemu fulani unapita chini ya mikaratusi mirefu iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni na mbao, ambayo sasa inapunguzwa kidogo kidogo ili miti ya kiasili irudishwe, muhugu na mingineyo. Unaijua tofauti hata ukifumba macho. Kwenye mikaratusi ni kukavu na harufu yake ni ya dawa ya kifua. Ukiingia kwenye miti ya kiasili unapigwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Huko juu utawaona mbega wenye manyoya meusi na meupe, waliohamishiwa Karura kutoka Kipipiri kule Nyandarua.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza niliona heri nimwonyeshe binti yangu namna mtu wa Busia anavyoteremka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ukitaka kusimama mteremkoni, bana breki ya nyuma kwanza kisha ya mbele polepole, kwa sababu ukiibana ya mbele peke yake kwa nguvu, gurudumu la mbele litasimama na wewe utaendelea na safari. Hayo nayajua tangu utotoni. Hata hivyo nilibana ya mbele. Nililala chali katika tope mbele ya kundi la wanafunzi waliokuja na mwalimu wao, na mmoja wao akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, tukusaidie?" Binti yangu alicheka hata akakaa chini.

Tulipumzika kando ya ziwa la Lily, ambalo kwa kweli ni ziwa dogo. Anayetoka karibu na Ziwa Victoria kama mimi anaona haya kuliita ziwa. Lakini yale mayungiyungi yakielea juu ya maji matulivu, na matatizo ya Umoja yakiwa mbali, nililisamehe udogo wake. Tulikula chapati tulizobeba. Angalia chakula chako, kima wa pale hawana aibu.

Kutoka hapo tuliendesha hadi upande wa mapango. Baiskeli tuliziacha juu tukateremka kwa miguu hadi mtoni. Ni mapango ambayo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950, hatua chache tu kutoka mashamba ya walowezi waliokuwa wakiwasaka. Binti yangu aliingiza kichwa ndani, akanyamaza. Mto Karura unaendelea kidogo kisha unaporomoka kwenye mwamba, maporomoko ambayo kelele zake tulizisikia kabla hatujayaona.

Ni pale alipoanza maswali. Nani alijenga njia hizi? Mbona hapana nyumba? Nikaona sina budi kumwambia kwamba nusura ziwepo. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi, wakaanza kufyeka miti wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, akiwa pamoja na wabunge na waandishi wa habari, alikuja kupanda mti, na walinzi wa kukodiwa wakawashambulia. Alipasuliwa kichwa. Alipokwenda kupiga ripoti polisi alitia sahihi alama ya X kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Hata baada ya hapo watu waliogopa kuingia kwa ajili ya majambazi, mpaka wakazi walipoungana na Shirika la Huduma za Misitu mwaka wa 2009 na ua wa umeme ukawekwa.

"Wewe ulikuwa wapi, Baba?"

Nilikuwa hapa hapa Nairobi. Siku hiyo ya damu niliisoma katika gazeti, nikiwa nimesimama kituoni nikingojea basi, na nakumbuka vizuri nilivyowaza: msitu wa matajiri wa Muthaiga na Runda unanihusu nini mimi ninayelala chumba kimoja? Niligeuza ukurasa nikasoma habari za kandanda. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakunilaumu, alinitazama tu kama mtu anayepiga hesabu, kisha akashika njia ya kupanda mlima kurudi kwenye baiskeli.

Sehemu ya mwisho alitangulia yeye. Alikuwa amejifunza kubadilisha gia, na kila alipofika mlimani nilisikia cheni ikiruka, kisha ikatulia. Mimi nilibaki nyuma kwa makusudi, na pia kwa sababu ya magoti. Miguu yake ilipanda na kushuka kwa mwendo ule ule mmoja, kiwiliwili kimetulia, kichwa kimeinuka. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Ndivyo baba alivyokaa, na walikuwa hawajaonana kamwe.

Tulirudisha baiskeli jioni kabla malango hayajafungwa, tukapanda matatu hadi mjini na nyingine ya kwenda kwetu. Tulikuwa tumechafuka kiasi kwamba abiria waliacha nafasi pande zote mbili. Pale Barabara ya Jogoo foleni ilisimama, na kando ya dirisha letu akapita mwanamume mwenye baiskeli iliyobeba kreti za mkate, akijipenyeza kati ya lori na basi, bega moja likiwa karibu kugusa chuma. Binti yangu alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Baba, kutoka nyumbani hadi shuleni si mbali. Naweza kwenda kwa baiskeli?"

Niliitazama barabara. Nikamwambia tutarudi Karura Jumamosi. Hilo halikuwa jibu, naye alijua. Jumamosi ilipofika alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, amevaa viatu, ameketi sebuleni gizani akinisubiri.