Mwanangu, Beseni la Maji na Simu Yangu



Ndugu zangu katika imani, leo nawasimulia kosa langu mwenyewe.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na nusu. Nikikaa kuandaa darsa, akisumbua nampa simu aangalie katuni. Nyumba inatulia, sakafu safi, nami najiona mlezi. Mama yangu akaja kututembelea. Siku ya tatu akaniuliza, "Huyu mtoto kila kitu anakitazama tu. Anashika nini?" Sikuwa na jibu. Mchanga ukimgusa mguu, analia.

Kesho yake nikamkuta uani na bibi yake. Beseni la maji, makopo mawili, kifuu cha nazi, mtoto kalowa mpaka nywele. Pembeni ungo wa mchele. Nikapandisha sauti: "Mama, hiyo ni riziki, itachezewaje?" Akanijibu bila kuniangalia: "Anachambua. Jioni utaula."

Kweli, vile vidole vilikuwa vinatafuta chuya, moja moja.

Israfu ni haramu, hilo liko palepale. Lakini donge la unga alilolifinyanga mtoto, kisha likawa chapati, lina israfu gani? Na mchanga je? Akimimina maji kutoka kopo kubwa kwenda dogo anajua "limejaa", "yamemwagika", "baridi". Maneno hayo yanaanzia mkononi kabla ya kufika ulimini. Vidole vinavyofinyanga ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Wangu nilimwachia hata saa 3.

Na mimi ndiye ninayesimulia msikitini jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake alichokuwa akicheza nacho! Nyumbani nikamnyima wangu hata tope.

Ila kaeni nao. Punje ya mahindi huingia puani upesi, na beseni la maji, hata yawe machache, usimwachie peke yake hata kidogo.

Ijumaa iliyopita natoka kwenda kuswali, akaninyooshea kopo la mchanga mbichi. "Baba, zito." Nikalipokea, likanimwagikia. Nikarudi ndani kubadili kanzu.