Mtoto Aanze na Lugha Ipi: Barua kwa Mwanangu wa Kakuma

Nakwamekwi, Lodwar

Mwanangu,

 

Ujumbe wako niliupata. Unasema mtoto ametimiza miaka minne, mmeshauriana na mama yake, na mmeona aanze kusoma kwa Kiingereza peke yake ili asiachwe nyuma akiingia shule ya awali, PP1. Ng'aturkana ataipata kwa bibi wakati wa likizo, na Kiswahili atakiokota mtaani. Umeniuliza maoni yangu kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimefundisha madarasa ya chini. Basi nakujibu bila kuzunguka: sikubaliani nanyi. Kiingereza atakihitaji, nami namtakia akijue vizuri. Ninachokataa ni kumfundisha kusoma kwa lugha ambayo bado hana.

Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Siku akishaelewa kwamba alama zile kwenye karatasi ni sauti za kinywa chake, kazi kubwa imekwisha. Lugha ya pili na ya tatu ataongeza juu yake. Lakini ili aelewe, lazima neno analolisoma liwe tayari kichwani mwake. Mpe neno ng'akipi, yaani maji, alikate vipande, avitamke polepole, kisha aviunganishe: utaona uso wake ukibadilika, kwa sababu maji anayajua. Hakuna haja ya mwalimu kumwambia amepatia. Mpe neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia, na hata akilitamka sawasawa hana njia ya kujua kama amesoma au amebahatisha. Nimewasikiliza watoto wengi waliosoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, nikauliza hadithi ilikuwa inahusu nini, wakanitazama tu.

Tena Kiingereza chenyewe kinamchosha anayeanza. Neno one linaanza kwa sauti ambayo herufi yake haimo. Kiswahili hakina mitego hiyo: ba ni ba leo na kesho. Watafiti waliwahi kuwalinganisha watoto wa Wales, ile nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza, wanaoishi eneo moja, wengine wakianza kusoma kwa Kiwelisi na wengine kwa Kiingereza. Tahajia ya Kiwelisi hufuata matamshi. Watoto walioanza kwa Kiwelisi walikuwa mbele katika kusoma maneno. Na katika shule za huko zinazofundisha kwa Kiwelisi, somo la Kiingereza kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 7 hivi, na bado wanakua wakisoma lugha zote mbili. Kwa hiyo hofu yako ya kuachwa nyuma iangalie upya.

Mtoto wenu ana bahati ambayo wengi hapa Turkana hawana. Wewe unamsemesha Ng'aturkana, naye mama yake, ambaye ametoka Kakamega, anamsemesha Kiswahili. Hizo ndizo lugha zake mbili za nyumbani. Asome kwa zote mbili, mama kwa yake na wewe kwa yako. Msichanganye katika kikao kimoja.

Sasa nikueleze jinsi ya kuanza, maana hapa ndipo wazazi wanapokosea. Usimfundishe kuimba ei, bii, sii. Hayo ni majina ya herufi, na hayamsaidii kusoma hata neno fupi kama akai. Mfundishe sauti. Anza na irabu tano, kisha m, k, t, l, p, na silabi zake. Ng'aturkana haina f, v, z, h wala sh, na konsonanti zake karibu zote zimo pia katika Kiswahili. Ukimaliza zako, mama ataongeza zilizobaki. Jihadhari na ng. Katika maneno yetu hutamkwa kama mwanzo wa ng'ombe, lakini katika Kiswahili ngoma ina g inayosikika. Tena waandishi wetu hawajapatana: kuna anayeandika ng, kuna anayeandika ng', kuna anayeandika ŋ. Chagua moja, uishike.

Sikufichi, tahajia yetu ina ugumu wake. Ng'aturkana ina irabu tisa, nasi tunaziandika kwa herufi tano. Maneno mengi pia huishia kwa irabu ya kunong'ona, ambayo mgeni haisikii na mwandishi mara nyingi haiandiki. Anayeijua lugha huyasoma hayo bila kufikiri, lakini anayekutana na lugha kwenye karatasi kwanza hatayaweza. Ndiyo maana kumwachia bibi wakati wa likizo hakutoshi. Mtoto asikie lugha kila siku kutoka kinywani mwa baba yake, hadithi, vitendawili, majina ya mifugo na rangi zake, hata ugomvi.

Utaniambia kazi hiyo ni ya shule. Kwenye karatasi ni kweli. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, serikali inasema darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, na mtaala wa umilisi nao umeweka nafasi ya lugha za kiasili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha zetu. Lakini mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome ulipoanza 2015, vitabu vilivyofika madarasani vilikuwa vya Kiswahili na Kiingereza. Na hapo Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa 1992, darasa moja linaweza kuwa na Mturkana, Mdinka, Mnuer na Msomali. Mwalimu atafundisha Ng'aturkana vipi? Simlaumu. Nasema tu kwamba nyumbani kwako ndiko shule ya pekee ya kusoma lugha hiyo.

Vitabu ni vichache, lakini vipo. Biblia ipo, na mradi wa African Storybook una hadithi fupi za watoto kwa Ng'aturkana, bure kwenye simu. Vingine viandike mwenyewe. Nunua kaunta buku, umwombe bibi hadithi, uandike sentensi moja kwa ukurasa, mtoto achore ngamia wake chini. Robo saa kila jioni kabla ya kulala inatosha, na akichoka mwache.

Jambo moja zaidi linanikera. Kuna shule ambazo bado zinamvika mtoto kibao akisema lugha ya kwao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu za namna hiyo katika shule za utoto wake. Watoto wa Wales nao walivishwa kipande cha ubao shingoni katika karne ya 19. Leo asilimia 17.8 tu ya watu wa Wales wanasema Kiwelisi, kwa sensa ya 2021, na serikali yao inahangaika kuirudisha lugha waliyoiacha ichapwe. Ukiambiwa mtoto wako amevishwa kibao, nenda shuleni siku hiyo hiyo, uzungumze na mwalimu mkuu kwa heshima, na usiondoke mpaka kiondolewe.

Mweleze mkwe wangu haya yote taratibu, na umsikilize pia, maana sauti yake ni nusu ya mpango huu. Anzeni wiki hii. Shule zikifungwa Agosti, mleteni mtoto Lodwar anisomee, kwanza kwa Ng'aturkana, halafu kwa Kiswahili.

Ni mimi shangazi yako.