Mali Bila Daftari

Ukilisikia jina Kiambere huenda mawazo yako hukimbilia lile bwawa la umeme katika Mto Tana, lililoanza kazi mwaka wa 1988. Mimi hukumbuka kiondo.

Nyanya yangu alikisuka huko Kiambere, kwa Wambeere, Embu. Alikuwa akikwangua majani ya mkonge, akizianika nyuzi na kuzisokota juu ya paja. Kisha alianza kusuka kitako, akazunguka hadi mdomoni. Mchoro hakuwa nao. Mistari myekundu na myeusi ilikuwa kichwani mwake, na kila mmoja ulikuwa na jina na kisa chake. Alitusimulia mara nyingi, lakini sisi wajukuu tulikuwa na haraka ya kwenda kucheza.

Alipoaga dunia nilirithi kiondo hicho. Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, mistari hii ina maana gani?" Sikuwa na jibu, na nilishikwa na aibu.

Mkonge wenyewe ulitoka Amerika. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka wa 1893. Kabla ya hapo, akina mama walisokota nyuzi za magome ya mbuyu na vichaka. Nyuzi zilibadilika, mikono haikusahau. Hiyo pia ni historia ya sanaa, hata kama haimo vitabuni.

Kule Italia, mwaka wa 1550, mchoraji Giorgio Vasari alichapisha kitabu kuhusu maisha ya wachoraji, wachongaji na wajenzi. Aliipenda sanaa hata akawa akiuliza watu na kuandika waliyoyakumbuka. Alikosea hapa na pale, lakini kwa ajili yake mafundi wengi wanajulikana hadi leo. Kiondo chetu kikifika katika jumba la makumbusho, mara nyingi huandikwa jina la kabila tu. Jina la aliyekisuka halipo, ingawa kijijini kila mtu alimjua.

Je, nyumbani kwenu ni nani anayekumbuka? Usidhani mapenzi pekee yatatosha. Mimi nilimpenda sana nyanya, na bado nimepoteza visa vyake. Basi ukienda mashambani likizo ijayo, beba daftari na kalamu. Keti karibu na mzee, uliza jina la aliyetengeneza chungu, kigoda au kiondo kile, na sababu yake. Andika siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.