Mabaka ya Ngozi na Nuru ya Leza

Ni nani asiye na baka mwilini? Mimi ninayo matano, na moja liko shavuni. Karibu yote ya namna hii hayana ubaya. Walakini vijana wengi hawayapendi, nao husikia kwamba siku hizi yanaondolewa kwa leza, bila kisu wala damu.

Leza ni kitu gani? Ni nuru. Nuru ya taa hutawanyika pande zote. Nuru ya leza ina rangi moja, nayo hukusanyika kama uzi mwembamba wenye nguvu. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1963 munganga Leon Goldman wa Cincinnati alikuwa amekwisha kuijaribu juu ya ngozi. Rangi nyeusi ya baka huimeza nuru ile, hupata moto, nayo huvunjika.

Lakini sisi watu weusi tuna rangi hiyo katika ngozi yote. Asiye fundi huchoma baka pamoja na jirani zake. Hapo hubaki doa jeupe, au weusi kuzidi, au kovu lenye kuvimba.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Binti ya dada yangu aliniambia: «Mjomba, unisaidie franga, nichomwe baka hili la puani.» Nikamwuliza: «Nani amelitazama?» Akajibu: «Hakuna.» Nikamwambia: «Basi franga ya kwanza ni ya munganga.» Maana kisu cha munganga huacha kipande, nacho hupimwa kwa hadubini. Leza haiachi kitu cha kupima. Kama ndani mlikuwa na kansa, juu hupona, na chini ugonjwa huendelea. Binti alikwenda. Munganga alilitazama baka lake, akaliona jema. Kisha akamwambia avue viatu.

Kwa nini viatu? Kansa ya mabaka, iitwayo melanoma, ni haba kwa watu weusi. Lakini inapotupata, mara nyingi huanza mahali tusipotazama: nyayoni, viganjani, chini ya ukucha. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, alionekana nayo mwaka 1977 katika kidole cha mguu. Alikufa mwaka 1981, mwenye miaka 36 tu.

Basi tujue dalili. Baka linalokua au kubadilika, lenye nusu mbili zisizofanana, lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi nyingi, linalotoka damu, baka jipya wayoni, mstari mweusi unaopanuka ukuchani. Hilo lisichomwe kwa leza, wala kwa dawa ya sokoni. Lionyeshwe kwa munganga upesi, kwani likikatwa mapema mtu hupona.

Jioni, unapoosha miguu, geuza nyayo zako uzitazame. Tazama na za mzee asiyeweza kuinama. Kazi hiyo haina bei.