Kuziba ao Kununua Mpya?

Katika gazeti letu tunazoea kusoma juu ya mpira wa miguu, juu ya mitihani na usafi wa madarasa. Leo sisi watatu wa nyumba moja tunapenda kuwaandikia juu ya kitu kidogo chenye kutoboka: pine ya nyuma ya pikipiki. Mwenye kucheka acheke kwanza. Lakini hapa Lubumbashi wanafunzi wengi wanafika ku masomo juu ya pikipiki, na wengine kama sisi wanasoma kwa sababu ya pikipiki.

Yaya wetu anabeba watu. Asubuhi anatoka Katuba, anawapeleka mjini, anapita ku soko ya Kenya, na siku zingine anafika mpaka Ruashi. Kazi hiyo njo inaleta bukari ku meza, na njo inalipa masomo yetu. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazilipishwi tena, lakini sekondari inalipwa bado, na sisi watatu wote tuko sekondari. Kwa hiyo siku yaya aliporudi anasukuma pikipiki kwa miguu, msumari mu pine, ile shida haikuwa yake peke yake.

Hesabu ilikuwa hivi. Ndani ya kopo ya mama mulikuwa dola 60, ni kusema dola 20 kwa kila mmoja wetu, sehemu ya mwisho ya malipo ya muhula. Kuziba mupira wa ndani ilikuwa franka 2.000 tu. Pine mpya ilikuwa dola 28, na mupira mpya wa ndani dola 5, jumla 33. Tukiziba, sisi wote watatu tunalipa kesho yake. Tukinunua, zinabaki 27: mmoja analipa, wawili wanangoja. Na yaya, kiisha kutoa mafuta na chakula, anabakiza kama dola 2 kwa siku. Kurudisha dola 33 ni siku 17 za kazi, karibu juma tatu. Mitihani ilikuwa imebakia mwezi moja.

Tulikwenda naye kwa papa kwado mwenye kutumikia chini ya muembe. Alitoa mupira wa ndani, akautia upepo, akauzamisha mu beseni ya maji. Mapovu yakatoka pahali pamoja. Shimo lilikuwa dogo kabisa, karibu na rustini mbili za zamani. Sisi tulifurahi, tukazani kazi imekwisha. Lakini yeye alikamata pine yenyewe, akaigeuza ku jua, akapitisha kidole polepole. Katikati, meno yalikuwa yamelika mpaka pakawa laini kama sahani. Ku mbavu mulikuwa mipasuko midogo, na ndani ya mmoja tuliona nyuzi.

Akasema: «Batoto, siwezi kubadanganya. Rustini itakamata, hata leo mutatembea. Lakini mi naziba mupira, siwezi kuziba pine yenye kuchoka.»

Tukarudi nyumbani na maneno hayo, tukabishana mpaka usiku. Mmoja wetu alisema tuzibe, tulipe masomo, pine itangoja likizo. Mwingine alisema mvua haitangoja likizo. Kwetu mvua inaanza kwa nguvu mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka mwezi wa tatu, na pine isiyo na meno inateleza juu ya goudron yenye maji kama mtu mwenye kukanyaga sabuni. Wa tatu alileta mezali: «Usipoziba ufa, utajenga ukuta.» Mezali ni ya kweli, lakini papa kwado alikuwa ametuonyesha kwamba ufa wetu haukuwa ule wa msumari. Msumari ulitobowa mupira; ukuta wenyewe ulikuwa umekwisha kulika.

Mama alikuwa anatusikiliza tu. Kisha akauliza: «Na ule mama mwenye kupanda na mutoto ku mugongo, ye anajua kama pine imechoka?» Hakuna aliyejibu. Sisi tulikuwa tunahesabu mambo ya watu wa nyumba yetu. Lakini mwenye kulipa franka zake na kupanda nyuma haulizi umri wa pine. Anamwamini mwenye kuendesha. Na pine ya nyuma njo inabeba uzito wake.

Yaya akaamua palepale: tunanunua. Sisi tukakubali, ingawa wawili wetu tulijua maana yake.

Kesho yake tulimuuliza mwalimu wa fizike, naye akatueleza vizuri. Pine yenye mupira wa ndani ikipasuka, upepo hautoki polepole. Mupira unachanika, na upepo unakimbia kwa mara moja kupitia matundu ya jante. Mwenye kwenda mbio anakosa namna ya kushika usukani. Pine isiyo na mupira wa ndani, ile ya pikipiki zingine za sasa, mara nyingi inavuja polepole ikichomwa na msumari, na mtu anapata nafasi ya kusimama.

Kwa faida ya wale wenye pikipiki kwao, tunaandika hapa yale tuliyojifunza.

Kwanza, angalieni shimo liko wapi. Likiwa pahali pa kukanyaga, na ni dogo, pine inaweza kutengenezwa. Mafundi wengi wanaweka mpaka ku milimetre 6. Likiwa ku mbavu, hapana: mbavu zinajikunja kila mara gurudumu linapozunguka, na kiraka hakikai.

Pili, angalieni meno. Sheria ya Uingereza inataka pikipiki iwe na meno ya milimetre 1 kwa uchache. Huko kwetu mvua ni nyingi na barabara za udongo ni nyingi, basi kungoja mpaka hapo ni kujaribu bahati.

Tatu, someni umri. Ku mbavu ya pine kuna tarakimu nne za mwisho, pamoja na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. Ukiona 2319, ilifanywa juma la 23 la mwaka 2019. Someni hata ile mnayouziwa kama mpya, maana kuna pine zinazozeeka mu magazini.

Ine, rustini isiwekwe juu ya rustini, na shimo lililo karibu na pahali pa kutilia upepo lisizibwe. Heri kubadilisha mupira wote wa ndani, wenye bei ndogo kuliko hospitali.

Pasipo hayo, kuziba ni akili nzuri, wala si aibu ya umasikini. Mwenye kutupa pine nzima kwa sababu ya msumari mmoja anatupa feza. Tena kwado wetu si fundi wa kubahatisha. Wale wanaobana rustini na kuichoma kwa moto, petroli ikiwaka ndani ya pistoni ya zamani, wanafanya jambo lile Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka 1839: mupira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto unakuwa mgumu na wenye kuvumilia.

Mwalimu wa historia naye, aliposikia habari zetu, alituongezea neno moja ambalo hatujalisahau. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa nyama mu Belfast, alipata hati ya pine yenye upepo. Tangu hapo Ulaya na Marekani zikataka mupira mwingi sana, kwa kinga kwanza, kisha kwa magari. Sehemu ya mupira huo ilitoka katika inchi yetu, wakati wa Léopold II, kati ya 1885 na 1908. Wababu katika Équateur na Kasai walilazimishwa kukata kamba za msituni na kukusanya maziwa yake, na wale ambao hawakutimiza kipimo waliazibiwa, hata kwa kukatwa mikono. Mmisionari wa Kiprotestanti Alice Seeley Harris alipiga picha za mambo hayo mwaka 1904 huko Baringa. William Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Marekani, aliandika juu ya mateso ya Kasai, akashitakiwa na kampani ya mupira, na mwaka 1909 akaachiliwa na tribinali ya Léopoldville. Tangu tusikie hayo, hatuwezi kusema pine ni kitu cha bure. Kuna watu waliolipa mbele yetu.

Sasa mnataka kujua ya malipo. Aliye mwaka wa sita alilipa kwanza, juu ya mtihani wa Serikali. Yaya alikwenda mwenyewe kwa mweka feza, akaeleza mambo yote bila kuficha, na wawili waliobaki wakapewa juma tatu. Mmoja amekwisha kulipa. Mwingine amebakiza dola 11, na juma la tatu linaisha siku ya posho. Yaya anatoka saa kumi na moja asubuhi, anarudi na taa. Pine ya zamani haikutupwa: tuliikata kamba za kufungia mizigo, tukauza zingine ku soko, na hizo franka ziko ndani ya hesabu ya dola 11.

Rafiki wasomaji, jioni ya leo mkifika kwenu, inameni kidogo mtazame pine ya ile pikipiki iliyowaleta. Na kama mwenye pikipiki anasema ngoja kwanza, feza ni ya masomo, mkae naye mufanye hesabu pamoja.